Si Kiburi, ni Hofu

(Hotuba hii ilitolewa na katibu wa kikundi kimoja cha kuzuia mmomonyoko wa udongo huko Ukambani, mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana kwa semina ya siku moja. Tumeichapa kama alivyoisema, tukifupisha hapa na pale. Mwishoni mna maswali ya kujadiliana kikundini.)



Katika ratiba imeandikwa kwamba nitazungumza juu ya mahudhurio ya wanachama. Ni kweli, nitazungumza juu ya mahudhurio. Lakini kama mlikuja kusikia namna ya kuongeza faini, mtanisamehe. Nataka kuwaeleza juu ya mwanachama mmoja ambaye mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu, nilimwandika "hayupo" hali nilikuwa nikimwona kwa macho.

Mwanachama huyo ni ndugu yangu mdogo, tumbo moja. Jina lake sitalitaja, kwa sababu hapendi kutajwa mbele za watu. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuja hapa. Akafikiri siku mbili, kisha akaniambia, "Waambie, lakini mimi nisiwepo." Basi nawaambia.

KITABU CHA MAHUDHURIO

Kikundi chetu ni cha mwethya, kama vingi vya upande wetu. Tunachimba matuta ya fanya juu katika mashamba ya wanachama kwa zamu, na kila mwezi tuna merigoraundi. Sheria zetu mnazijua, maana hata nyinyi mnazo hizo hizo. Ukikosa mkutano bila udhuru, faini shilingi hamsini. Ukikosa mara tatu mfululizo, unafutwa.

Ndugu yangu alijiunga mwaka 2013. Siku za kazi hakuna aliyemshinda. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi yuko shambani na jembe lake. Mchango wake haukuchelewa hata mara moja. Shida ilikuwa mkutano. Tulikuwa tunakutania katika darasa la shule: watu arobaini, mabati juu, watoto wanalia, watu watatu wanasema kwa wakati mmoja. Yeye alikuja mpaka kwenye ua wa michongoma, akasimama pale nje, kama hatua hamsini hivi. Niliposoma majina hakuitika. Nilimwona dirishani. Nikaandika "hayupo".

Watu wakasema mengi. Mmoja akasema ana kiburi. Mwingine akasema anavuta bangi. Mzee mmoja akasema huyu amerogwa, tusipoteze wakati. Mwezi wa Agosti mwaka 2014 tukamfuta. Tukaweka akiba yake katika bahasha, na mimi ndiye niliyempelekea. Aliipokea, wala hakuzihesabu zile pesa. Nyinyi hamumjui, kwa hiyo jambo hilo haliwashtui. Mimi lilinishtua, kwa maana mtu huyo huhesabu kila kitu: mbuzi, nguzo za ua, hata hatua za kwenda kisimani.

Tangu siku ile akaacha kutoka mchana. Maji alichota usiku. Sokoni hakwenda. Wakaishi wawili tu, yeye na mama yetu, katika boma lililo mbali na wengine.

Usiku mmoja mwaka 2016 mama akaanguka. Mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukalegea. Kilikuwa kiharusi. Simu yao haikuwa na chaji. Ndugu yangu akatoka mbio kuja kwangu, kilomita tisa. Njiani alipita maboma kumi na moja. Najua ni kumi na moja kwa sababu aliyahesabu. Katika boma la tatu taa ilikuwa inawaka, na mwenye boma ana pikipiki. Ndugu yangu alisimama langoni apige hodi, maneno yakakataa kutoka. Akakimbia tena.

Tulimfikisha mama hospitali kumeshapambazuka. Yu hai, namshukuru Mungu, lakini mkono ule haufanyi kazi mpaka leo. Daktari alituambia kwamba kwa kiharusi kila saa inayopita ina hasara yake.

Wapendwa, mtu wa kiburi hampiti jirani mwenye pikipiki huku mama yake yuko hatarini. Kile hakikuwa kiburi. Ilikuwa hofu. Na hofu ile sisi kikundini tuliikuta ndogo, tukaipalilia mpaka ikawa kubwa.

TULIVYOPATA JINA LAKE

Siku zile mama alipolazwa, ndugu yangu alisimama karibu na lango la hospitali kutwa nzima, mikono masikioni. Askari wa lango alitaka kumfukuza. Muuguzi mmoja akaja, hakumkaripia. Aliniuliza tu, "Alikuwa hivi tangu utoto?" Nikasema ndiyo, tangu utoto. Akatuandikia barua twende kliniki ya afya ya akili katika hospitali kubwa zaidi.

Daktari wa huko alitaka kujua mengi. Alianza kusema akiwa na umri gani? Alicheza vipi na wenzake? Ni sauti gani zinazomsumbua? Ni mambo gani anayoyapenda kupita kiasi? Tulikwenda mara nne. Mwisho akasema kuna mambo mawili yaliyofungamana. La kwanza ni usonji. La pili ni hofu kubwa ya kukaa na watu, na hofu hiyo nayo ni ugonjwa wenye matibabu. Ndugu yangu alikuwa na miaka thelathini na minne. Miaka yote hiyo tulikuwa tukimwita majina mengine.

Usonji ni nini? Ni namna ubongo wa mtu unavyokua, tangu kabla hajazaliwa. Mtu huyo huona, husikia na huelewa mambo kwa njia tofauti na wengi wetu. Wengine hawasemi kabisa, wengine husema sana juu ya jambo moja wanalolipenda. Wengine huhitaji kusaidiwa maisha yao yote, wengine huoa, huolewa na kufanya kazi. Lakini karibu wote hupata shida kuelewa mambo ambayo sisi husemeana kwa macho na kwa mafumbo, na wengi husumbuliwa na kelele, mwanga au kuguswa.

Si uchawi. Si laana. Si kosa la mama. Miaka ya 1950 na 1960 hata madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliwalaumu akina mama kwamba hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Baadaye ikaonekana kwamba madaktari hao walikosea vibaya. Wala hauletwi na chanjo. Jambo hilo limechunguzwa katika nchi nyingi, na chanjo haikupatikana na hatia.

Tena si jambo la watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Hebu fanyeni hesabu. Lokesheni ndogo yenye watu elfu tano inaweza kuwa nao kama arobaini. Wako wapi? Watoto tumeanza kuwasikia, kwa sababu waalimu wanawaona darasani. Lakini mtoto hukua. Wale watu wazima wako jikoni, wako nyuma ya boma, wako machungani na mbuzi. Na wengine wako kwenye ua wa michongoma wakitutazama tukifanya mkutano.

HOFU HII INATOKA WAPI

Kila mtu ana hofu kidogo mbele za watu. Hata mimi sasa hivi mikono ina jasho. (Mnacheka, lakini ni kweli.) Mimi nikimaliza kusema nitakaa, nitakunywa chai, hofu itaisha. Kwa mtu mwenye usonji mara nyingi haiishi. Moyo unapiga, pumzi inakata, ulimi unakwama, na tangu siku tatu kabla ya mkutano tumbo limekwisha kuvurugika. Watafiti wamekuta kwamba hofu ya namna hii huwapata watu wazima wenye usonji mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Kwa nini? Nitataja mambo manne tuliyoelezwa, nanyi mtaona yanavyofanana na ya ndugu yangu.

La kwanza ni kuchekwa. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndugu yangu alichekwa shuleni kwa sauti yake isiyopanda wala kushuka. Alichekwa kanisani kwa kuziba masikio wakati wa ngoma. Alichekwa matangani kwa kuuliza swali wakati watu wanalia. Miaka ishirini ya kuchekwa si ung'ongo, ni nyoka kweli. Kwa hiyo usimwambie "usiogope, hakuna kitu". Kilikuwapo.

La pili ni kutojua litakalotokea. Sisi tukiitwa mkutano wa saa nane tunajua maana yake ni saa tisa. Yeye anafika saa nane kamili, hakuna mtu, anaanza kuhangaika kama amekosea siku. Ukimwambia "tutaonana kesho" kwa kumuaga tu, kesho atakungoja mpaka jua litue. Maisha yanakuwa kama kutembea gizani katika nyumba ambayo kila siku kuna mtu anahamisha viti.

La tatu ni kelele. Mvua ya mabati, kipaza sauti kinachopiga mluzi, watu wanaosema pamoja. Kwetu ni kelele tu. Kwake ni maumivu.

La nne ni uchovu wa kujificha. Wengi wao hujifunza kuiga: kucheka wengine wanapocheka, kumtazama mtu machoni hata kama kunawachoma, kukariri maneno ya salamu. Kwa nje unaona mtu wa kawaida. Ndani ni kama mtu aliyebeba debe la maji kichwani kutwa nzima bila kulitua. Akifika nyumbani anaanguka, haongei siku mbili. Nasi tunasema amenuna.

Halafu kuna mtego. Mtu akikwepa mkutano mmoja, moyo unatulia. Kwa hiyo mara ya pili anakwepa tena, na mara ya tatu. Kila akikwepa hofu inakua, mpaka hata kisima kinakuwa kama mkutano. Hivyo ndivyo mtu anavyofika mahali pa kuchota maji usiku.

Lakini nisieleweke vibaya. Si kila mwenye usonji ana hofu hii. Wengine hupenda kukaa peke yao, nao wana amani. Huyo mwacheni. Tofauti utaijua kwa kumwuliza mwenyewe, kwa utulivu: "Ungependa kuja ila unashindwa, ama hupendi tu?" Ndugu yangu alisimama kwenye ua ule miezi mingi. Mtu asiyetaka kuja hakai kwenye ua. Anakaa nyumbani.

NI NANI ASIYEMWELEWA MWENZAKE?

Tumezoea kusema, "Huyu haelewi watu." Mwaka 2012 mwanachuoni mmoja wa Uingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Yeye hatuelewi sisi, sawa. Na sisi je, tunamwelewa yeye?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh huko Scotland walilipima jambo hili kwa mchezo ambao hata watoto wetu wanaujua, ule wa kupokezana habari. Walipanga watu wanane wanane. Wa kwanza anasimuliwa hadithi, anamsimulia wa pili, wa pili anamsimulia wa tatu, mpaka wa mwisho. Makundi mengine yalikuwa ya watu wenye usonji watupu, mengine ya wasio na usonji, mengine ya mchanganyiko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Wenye usonji walipokezana habari vizuri sawa na wale wasio nao. Habari ilipotea zaidi katika makundi ya mchanganyiko. Uchunguzi mkubwa zaidi, wa watu zaidi ya 300, ulichapishwa mwaka 2025, na safari hii makundi yote yalikuwa sawa, hata ya mchanganyiko.

Mimi najifunza hivi. Mara zote mbili wenye usonji hawakushindwa kupeleka habari. Kwa hiyo mazungumzo yakivunjika kikundini, tusimtwike mtu mmoja lawama yote. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

MTU WA KWANZA ALIYEANDIKWA

Wacha niwape mfano wa mahali pengine. Mwaka 1943 daktari mmoja wa Baltimore, Marekani, jina lake Leo Kanner, aliandika juu ya watoto 11 aliowachunguza. Maandishi hayo ndiyo yaliyoupa usonji nafasi yake katika udaktari. Mtoto wa kwanza katika orodha hiyo alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi.

Alipokuwa mdogo wazazi wake walishauriwa kumpeleka katika nyumba ya kulelea, wakampeleka. Baada ya kama mwaka mmoja wakamrudisha. Mwaka 1942 wakamweka kwa mkulima mmoja na mke wake waliokuwa wakiishi karibu. Sasa nyinyi wakulima sikilizeni. Mtoto yule alipenda mno kupima vitu. Wale wenyeji hawakumpiga ili aache. Walimpa kazi ya kuchimba kisima na kuwaambia kina chake. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi tena na tena. Wakampa farasi na jembe la kulimia, akahesabu huku akilima. Daktari Kanner alipomtembelea alimkuta akilima na kumgeuza farasi bila shida.

Donald alisoma, akamaliza chuo mwaka 1958. Akafanya kazi benki, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka ishirini na saba, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake. Waandishi wa habari walipokwenda Forest wakiwa wazee wa mji wanamjua vizuri, walikuta watu wakimlinda kama mtoto wa nyumbani. Alifariki mwezi wa Juni mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Nakubali, ukoo wake ulikuwa na mali, na benki yenyewe ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Sisi hatuna benki. Lakini yule mkulima naye hakuwa tajiri. Alichokuwa nacho ni subira na kazi ya kumpa.

TULILOFANYA SISI

Mwaka 2017 nilisimama mbele ya kikundi nikakiri. Nikasema, "Nilimwandika hayupo, naye alikuwapo." Tulibishana jioni nzima. Mweka hazina alisema sheria ni sheria. Lakini yule jirani mwenye pikipiki, aliposikia kwamba taa yake ilikuwa inawaka usiku ule, alinyamaza, kisha akasema, "Mimi nitamfuata." Tukapitisha mambo haya:

1. Aliye kwenye ua yupo. Tukabadilisha sheria ya mahudhurio. Mwanachama mwenye shida inayojulikana anahesabiwa akiwa pale anapoweza kusimama.

2. Ajenda hutolewa mapema. Siku mbili kabla ya mkutano naandika kwenye karatasi mambo matatu au manne, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Tena tunamaliza saa hiyo. Jambo hili lilisaidia kikundi kizima. Akina mama wenye watoto wadogo wanalishukuru mpaka leo.

3. Mtu mmoja wa kumtegemea. Yule jirani humtembelea, husimama naye, na kumwambia kinachoendelea. Tusimpelekee kamati nzima.

4. Maneno yaliyonyooka. Mafumbo tuyaweke kando. Tunamwuliza jambo moja, halafu tunangoja. Hesabu mpaka kumi moyoni kabla ya kuuliza tena. Wala usimlazimishe akutazame machoni. Anasikia vizuri zaidi akitazama chini.

5. Njia nyingine za kusema. Mchango hutuma kwa M-Pesa. Kura yake huandika kwenye karatasi, au hunitumia ujumbe wa simu.

6. Mtu mmoja kusema kwa wakati mmoja. Hili lilikuwa gumu kuliko yote, na gumu zaidi kwa viongozi. (Mnacheka tena. Mnajijua.)

7. Hatua ndogo, na mwenyewe ndiye anayechagua. Daktari alitueleza kwamba hofu hupungua mtu akiisogelea kidogo kidogo kwa hiari yake, si kwa kusukumwa. Kutoka kwenye ua mpaka kwenye mwembe ilichukua miezi minne. Kutoka kwenye mwembe mpaka mlangoni ilichukua mwaka.

Makosa pia tulifanya. Kazi tuliyompa ni kupima kontua kwa ile fremu ya miti mitatu yenye umbo la herufi A, kabla hatujachimba. Anapima kwa uangalifu kuliko sisi sote. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2019 zilipokuja, matuta aliyoyapima yalisimama. Sisi kwa furaha tukamwita mbele katika mkutano, tukampigia makofi. Alitoka mbio, hatukumwona wiki tatu. Tulidhani tunamheshimu, kumbe tulimrudisha kwenye ua. Sasa tukitaka kumshukuru, jirani humwambia wakiwa wawili.

Na jambo lingine. Msiondoke hapa mkisema tuwatafute hawa kwa sababu wanajua kupima. Wengi hawana kipaji cha namna hiyo, kama vile wengi wetu hatuna. Hata kama ndugu yangu asingejua kupima chochote, mkono wa mama ungehitaji mtu wa kupiga hodi usiku ule.

WAKATI WA KUTAFUTA DAKTARI

Kikundi si hospitali. Mkiona mtu ameacha kula au kulala, anakunywa pombe ili apate nguvu ya kukaa na watu, anajiumiza, au anasema kwamba afadhali kufa, msingoje. Utafiti unaonyesha kwamba watu wazima wenye usonji wako katika hatari kubwa zaidi ya kujiua kuliko wengine. Kaa naye, usimwache peke yake, mwite mhudumu wa afya wa jamii, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa ya kuondoa usonji haipo. Mtu akikuuzia, awe daktari wa uongo au mganga, anakula pesa zako bure. Lakini hofu inatibika. Kuna matibabu ya kuzungumza na mtaalamu, hatua kwa hatua, na wengine huandikiwa dawa za kupunguza hofu. Kumfunga mtu kamba au kumfungia ndani si matibabu, ni dhuluma. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuheshimiwa na kutoitwa kwa maneno ya kumdharau. Pia anaweza kupimwa katika hospitali ya serikali na kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Waulizeni maafisa wao katika kaunti yenu.

MWISHO

Mtaniuliza, je, sasa amepona? Usonji haukwendi popote, ni yeye mwenyewe alivyo. Hofu imepungua, haijaisha. Mkutanoni huketi mlangoni kwenye kigoda chake, uso umeelekea nje. Akichoka anaondoka, na hakuna anayemwuliza. Maji anachota asubuhi. Sokoni bado haendi siku ya soko, huenda siku inayofuata.

Mwaka jana nilimwuliza juu ya yale maboma kumi na moja. Nilimwuliza kama mama akianguka tena leo usiku, angeweza kupiga hodi wapi. Alifikiri kwa muda mrefu. Nikahesabu mpaka kumi, nikahesabu tena. Kisha akasema, "Mawili."

Ni mawili tu. Lakini boma la tatu lenye pikipiki ni mojawapo. Ndugu zangu, yale tisa yaliyobaki si kazi yake peke yake. Ni kazi ya wenye maboma.

Leo mkirudi nyumbani, fungueni kitabu cha mahudhurio. Tazameni majina mliyoyafuta, moja moja, mjiulize kama mtu huyo alikuwa hayupo kweli.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Je, katika kijiji chetu kuna mtu mzima ambaye huja mpaka karibu na watu lakini haingii? Tunamwita kwa jina gani? Jina hilo linamheshimu?

2. Sheria zetu za faini na kufutwa zinamwumiza nani zaidi? Tunaweza kubadilisha ipi bila kuvunja kikundi?

3. Mkutano wetu huanza na kwisha saa ngapi kweli? Ni mambo gani ndani yake yanayoweza kumwogofya mtu anayesumbuliwa na kelele?

4. Nani kati yetu anaweza kuwa "mtu mmoja wa kumtegemea"? Ataanza vipi bila kumshtua?

5. Usiku wa shida, ni jirani gani asiyeweza kupiga hodi kwetu? Tufanye nini kabla usiku huo haujafika?